Jibu: Mwarobaini umeua bakteria sugu maabara, mbona hospitali hawautoi?

Mkuu, lile duara tupu uliloliona kwenye picha ya jaribio la maabara, kuzunguka kikaratasi kilicholowekwa dawa ya majani ya mwarobaini, linasema tu kwamba bakteria wameshindwa kukua hapo kwenye agari (rojo la kukuzia bakteria). Pengine kilichowaua ni ethanoli (pombe) iliyotumika kukamulia majani! Ndiyo maana huwekwa kikaratasi cha pili chenye ethanoli peke yake.

Kupima dawa kwa virusi ndiyo shughuli, kwa sababu havizaliani nje ya seli hai. Watafiti wengi hutumia seli za Vero, zilizotolewa kwenye figo ya tumbili mwaka 1962, na kabla ya yote unapima ni kiasi gani cha dawa kinaziua seli zenyewe. Dawa ikimaliza virusi na seli kwa pamoja, hata jiki inaweza hiyo kazi.