Maswali na Majibu: Hofu ya Kujazia kwa Wanaoanza Kunyanyua Vyuma

Mimi ni mwanamke. Natamani mwili uliokaza, lakini sitaki mabega ya kiume. Je, vyuma vizito havitanijaza misuli?

Havitakujaza, dada, na natamani hofu hii ikutoke kabla haijakukosesha mazoezi yenye faida kubwa. Ili misuli ikue hadi umbo libadilike, mtu hulazimika kuongeza uzito hatua kwa hatua kwa miaka, kula kuliko mwili unavyotumia na kupumzika vya kutosha. Nawe utakuwa ukifanya hayo yote ukiwa na kiasi kidogo cha testosteroni, homoni ambayo kwa mwanamume mzima huzidi ya mwanamke kwa zaidi ya mara 10. Wanawake wenye misuli mikubwa unaowaona pichani waliikusudia, wakaitafuta kwa muda mrefu, na baadhi yao huongezea dawa za homoni.

Tena, nguvu haiendi sambamba na ukubwa wa mwili. Hou Zhihui wa China, aliyeshindana katika daraja la wanawake wasiozidi kilo 49 kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, alinyanyua kilo 116 juu ya kichwa, yaani zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Hata wewe, nguvu utakazopata katika wiki za mwanzo zitatokana zaidi na mfumo wa neva, ambao hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja.

Nina wiki tatu tangu nianze. Suruali inanibana mapajani na mizani imepanda kilo moja. Niache?

Usiache. Misuli inayofanya kazi huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na kila gramu 1 ya akiba hiyo huambatana na takriban gramu 3 za maji. Misuli yenye maumivu ya mazoezi mapya nayo huvimba kidogo. Ule mtuno unaouona kwenye kioo mara tu baada ya zoezi husababishwa na damu na majimaji yaliyojaa kwenye misuli, na hutoweka baada ya saa chache. Kwa hiyo jipime kwa utepe kiunoni na mapajani asubuhi, kabla ya kula na kabla ya mazoezi, kisha ulinganishe mwezi kwa mwezi. Ikiwa kiuno nacho kinaongezeka, chunguza sahani yako kwanza, kwa kuwa wengi hula zaidi wanapoanza mazoezi bila kutambua.

Je, nikinyanyua vyuma vyepesi kwa marudio mengi, nitakaza mwili bila kuukuza?

Tofauti hiyo si kubwa kama inavyosemwa. Uzito mwepesi nao hukuza misuli endapo utanyanyuliwa hadi karibu na kuchoka kabisa, na huko kunakoitwa kukaza ni misuli iliyokua kidogo chini ya mafuta yaliyopungua. Kinachopoteza muda ni dambeli unayoinua mara 40 huku ukipiga soga bila pumzi kubadilika. Chagua uzito ambao, ukifika rudio la 10 mgongo ukiwa bado umenyooka, unahisi umebakiwa na mawili au matatu tu.

Nikiacha mazoezi, misuli itageuka mafuta?

Haigeuki, kwa sababu hizo ni tishu mbili tofauti. Misuli itapungua, na mafuta yataongezeka ikiwa utaendelea kula kama awali.

Na nikiona mabega yamekua kuliko nipendavyo?

Utaliona jambo hilo likija polepole, na utakuwa na nafasi ya kuamua. Punguza mizunguko ya mazoezi ya mabega au usiongeze tena uzito wake, kwani kuidumisha misuli huhitaji kazi ndogo kuliko kuijenga. Miguu na mgongo, hata hivyo, usiviache: Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki, na mifupa yako pia inauhitaji mzigo huo.