Mnara Haulemewi, Unapinda

Binti yangu alipewa ndoo ya matofali 400 ya plastiki, yale yenye vinundu 8, akatangaza kwamba mnara wake utamfikia mama yake utosini. Mimi nikajifanya fundi.

Mara ya kwanza tulipanga moja juu ya jingine. Kila tofali lina kimo cha milimita 9.6, hivyo hesabu ilituahidi mita 3.84. Ulipofika usawa wa kiuno changu, mnara ukaanza kuyumba kama mlevi, ukakatika katikati. Tofali moja nililipata usiku, kwa unyayo.

Nilidhani uzito ndio adui. Kumbe sivyo. Mwaka 2012 wahandisi wa Open University, Uingereza, walilibana kwa mashine tofali la LEGO la vinundu 4, likavumilia kilo 430 hivi. Hiyo ni sawa na kubeba matofali 375,000, mnara wa kilomita 3.5! Tofali la chini halitakuangusha. Kitakachokuangusha ni kupinda.

Kwa hiyo nenepesha chini. Sisi kila safu ya chini tuliipa matofali manne yanayozunguka, kila moja likigusa ubavu wa mwenzake, katikati pakabaki tundu la vinundu 4. Safu inayofuata izungushe kinyume, viungo visikae juu ya viungo. Mwashi yeyote atakwambia hivyo. Safu 60 za namna hiyo, kisha 60 za matofali mawili yanayokatizana, halafu 40 za tofali moja moja. Jumla sentimita 153.6, na ndoo tupu.

Bonyeza kila tofali mpaka usione mwanya. Msingi wetu ulikuwa na upana wa milimita 48. Upande mmoja ukiinuka nusu milimita tu, kileleni umehama sentimita moja na nusu. Mimi hutundika uzi wenye ufunguo nchani, timazi ya maskini, nikaukagua mnara pande mbili. Zulia likunje, jenga sakafuni.

Ila minara yetu mingi iliuawa na mkono, si upepo. Ukigandamiza kileleni unausukuma wote. Jenga vipande vya safu 20 mezani, kisha viunganishe huku mwenzako ameshika chini kidogo ya kiungo.

Mnara uliishia kwenye nyusi za mama yake. Akaja kuutazama, akawasha feni.