Fisi Alikula Nini Siku Ile?

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, mtoto mdogo wa shule anaweza kufundishwa wema kwa hadithi? Mimi nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi huku Isingiro, Uganda, karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nasema anaweza, lakini si kwa mtindo tuliouzoea walimu.

Tumezoea kusimulia, kisha tunafunga kwa kuuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto wanaitikia kwa sauti moja, "Tupendane!" Kengele inalia, wanatoka mbio, na kwenye foleni ya uji mkubwa anamsukuma mdogo mpaka kikombe kinamdondoka. Jibu lile wamelikariri kama wanavyokariri mbili mara mbili.

Tena tuseme ukweli, hadithi zetu nyingi zinasifu ujanja. Sungura, ambaye kwetu Buganda tunamwita Wakayima, anamlaghai fisi, anakula peke yake, na darasa zima linapiga makofi. Sisemi tuzitupe. Nimezisikia kwenye mkeka wa bibi yangu na nazipenda mpaka leo. Ninachofanya ni kuwahamisha watoto, waende wakakae alipo fisi.

Mwaka jana, muhula wa pili, tulimpokea mvulana kutoka Kongo. Tangu 2007 mtaala unataka darasa la kwanza hadi la tatu wasome kwa lugha ya nyumbani, na huku hiyo ni Runyankore. Yeye alijua Kiswahili tu. Kila alipofungua mdomo, wenzake walimcheka. Zamani tungewachapa. Sheria ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2016, na mimi nashukuru, kwa sababu mtoto aliyechapwa kwa kucheka hujifunza kucheka chinichini.

Basi siku moja nikasimulia kwa Kiswahili, huku nikiwafasiria wengine kidogo kidogo. Sungura na fisi wamelima karanga pamoja. Nilipofika pale sungura anapojifanya mgonjwa ili asishike jembe, yule mvulana akacheka kabla ya mtu yeyote. Darasa zima likamgeukia: "Amesema nini? Amesema nini?" Akawaeleza kwa mikono.

Mavuno yakafika. Sungura akachimba karanga zote usiku, akamwachia mwenzake maganda. Nikanyamaza hapo.

Msichana wa dawati la mbele hakuvumilia. "Mwalimu, sasa fisi alikula nini siku ile?"

Nikawarudishia swali. Mmoja akasema alikula maganda. Mwingine akasema alilala njaa. Nikauliza, na watoto wake je? Kimya. Kisha yule mvulana akasema polepole kwamba fisi aliweka sufuria ya maji motoni, akawaambia wanawe chakula hakijaiva bado, mpaka wakapitiwa na usingizi. Nikafasiri. Hakuna aliyecheka.

Sikuongeza neno. Baada ya mapumziko nilimwona yule msichana ameazima wembe wa kuchongea penseli. Aliikata penseli yake katikati, akachonga vipande vyote viwili, akamsukumia mvulana kimoja bila hata kumtazama.

Najua walimu wenzangu watasema darasa lina watoto tisini na muda hautoshi. Hadithi ile ilichukua dakika kumi na tano hivi. Kilichonigharimu zaidi ni kuuzuia ulimi wangu usihubiri, maana mwalimu anaona kama hajafundisha mpaka atamke funzo. Jaribuni kukatiza hadithi pale mmoja anapobaki ameumia, kisha msubiri. Swali litoke kwao.

Sitaki kudanganya kwamba darasa langu liligeuka siku moja. Wiki ile ile walipigana kwa ajili ya mpira wa majani ya migomba, na yule msichana wa penseli alikuwemo. Ijumaa nikawakalisha chini ya mwembe, nikaanza nyingine.