Mama hakula usiku, mbona asubuhi sukari imepanda?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, anatumia vidonge. Jana kabla ya kulala alipima ikasoma 6.8, hakula kitu tena, asubuhi kapima ni 8.9. Nyumbani wanasema anakula usiku kwa kujificha. Hiyo sukari imetoka wapi?

Jibu: Marahaba. Kwanza mwacheni mama wa watu jamani, inawezekana kabisa hajagusa chakula. Hiyo sukari inatoka ndani mwake mwenyewe, kwenye ini.

Iko hivi, damu yote ya mtu mzima mzima wa afya ina sukari kama gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai, na ubongo peke yake unatumia kama gramu 120 kwa siku, sasa piga hesabu, hicho kijiko kingeisha ndani ya saa moja. Ndo maana ini linaweka akiba. Ukila, kongosho linatoa insulini, na insulini inaliambia ini pokea uhifadhi, linahifadhi kama gramu 100 hivi. Misuli nayo inahifadhi, tena nyingi zaidi, ila yenyewe haina uwezo wa kuirudisha kwenye damu, inaitumia hukohuko. Ukikaa masaa bila kula kongosho hilohilo linatoa homoni nyingine, glukagoni, hapo ini linafungua stoo linaachia sukari kidogokidogo, na stoo ikipungua linatengeneza mpya hata kutoka kwenye protini.

Sasa ikifika kama saa tisa usiku kuelekea asubuhi, kotisoli na homoni ya ukuaji zinakuwa juu, mwili unajiandaa kuamka, na hizo zinalisukuma ini liachie zaidi. Wewe usiye na kisukari kongosho lako linaongeza insulini kidogo mambo yanakaa sawa, hata hujui kama kuna kitu kimetokea. Kwa mama insulini haitoshi na ini lenyewe haliisikii vizuri, linaambiwa basi inatosha, lenyewe linaendelea tu kumimina. (Kama kwenye vidonge vyake kuna metformin, kazi yake kubwa ni hapohapo, kulipunguza ini kasi.)

Nawaomba sana msimlaze njaa mkidhani ndo dawa. Ini halisubiri chakula cha jioni ili limwage sukari, halafu kuna vidonge vinalilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, sukari inaweza kushuka chini ya 4 akiwa usingizini na msijue.

Fanyeni hivi, siku mbili tatu mwamsheni saa tisa usiku, anawe mikono na kuikausha kabisa maana hata utamu wa tunda uliobaki kidoleni unadanganya mashine, mtoboe pembeni ya ncha ya kidole, siyo katikati, pembeni hapaumi sana. Andikeni namba ya kulala, ya saa tisa na ya kuamka. Ya saa tisa ikiwa nzuri halafu ya asubuhi imepanda, ni hizo homoni za alfajiri. Ikiwa juu usiku kucha, tatizo linaweza kuwa chakula cha jioni au dawa hazitoshi. Ila ikisoma chini ya 4 mpeni kitu cha sukari hapohapo, mrudie kupima baada ya dakika 15, na asubuhi yake muoneni daktari wake bila kuchelewa. Vidonge msipunguze wala kuongeza wenyewe, mpelekeeni hizo namba yeye ndo apange.