Punda Asife, na Mzigo Ufike

Miaka minne nilibeba mizigo Kilimanjaro. Kule kiwango cha mpagazi ni kilo 20, na ukizidishiwa, mgongo wako mwenyewe unakuambia. Nilipohamia safari za miguu za nyanda za juu za Ngorongoro, mzigo ulitoka mgongoni mwangu ukaenda mgongoni mwa punda, na hapo ndipo nilipojua kwamba sijui kufunga mzigo. Naandika haya kwa yeyote anayeanza: kijana aliyeajiriwa kuwasaidia wenye punda, au marafiki wanaopanga safari yao ya siku nne tano na wanataka punda wawabebee mahema.

Njia ninayoizungumzia inaanzia Nainokanoka, karibu na kreta ya Olmoti, inapita Bulati hadi ukingo wa Empakaai, kisha Naiyobi, halafu inateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Engare Sero, jirani na Ziwa Natron. Sehemu za juu za ukingo wa Empakaai zinapita mita 3,000. Ziwani ni kama mita 600 tu. Ndani ya siku hizo chache punda yuleyule atapita kwenye baridi ya usiku inayouma mifupa, matope, majivu ya volkano na joto kali, akiwa na mzigo uleule. Ukikosea kufunga asubuhi ya kwanza, kosa litakua naye njia nzima.

Aliyenifundisha ni mama mmoja wa Kimaasai mwenye punda sita. Sote tulimwita Yeyo. Kwa Wamaasai kazi za punda ziko zaidi mikononi mwa akina mama: kuteka maji, kuleta kuni, kuhamisha boma. Ukifika mahali ukakuta vijana ndio wanaoelekeza upakiaji na akina mama wamekaa pembeni, nenda kawasalimie akina mama na uwaulize wao.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kumshika punda. Yeyo akanizuia. "Mwanangu, mwache ale. Bado humhitaji."

Tukatandaza kila kitu kwenye nyasi: mahema, unga, mchele, sufuria, madumu, magodoro ya sponji. Ilituchukua karibu saa nzima kupanga, na punda walikuwa bado wanakula. Mzigo wa punda hufungwa chini, ukiwa jozi jozi, kushoto na kulia, na anayeletwa mwisho ni punda. Anayeanza humleta mnyama kwanza, kisha anahangaika na kamba huku mnyama amesimama na upande mmoja wa mzigo. Hapo ndipo punda anapoanza kuichukia kazi.

Nunua mizani ya kuning'iniza, ile ndogo ya ndoano. Yeyo hakuihitaji. Alinyanyua kiroba kila mkono, akatulia kidogo, akahamisha pakiti mbili za sukari. Mimi hadi leo natumia mizani. Punda wetu ni wadogo, wengi hawafiki kilo 150, na mimi sivuki kilo 40 kwa punda mzima mwenye afya. Siku ya kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa napunguza zaidi. Kumbuka dumu mbili za lita 20 zikijaa tayari ni kilo 40, kwa hiyo punda wa maji ni wa maji tu, asiongezewe hata blanketi. Na dumu lijazwe hadi mdomoni. Lililo nusu linachezacheza kwa kila hatua, na punda anatembea akipigana nalo.

Tofauti ya kilo mbili tatu kati ya pande mbili inaonekana ndogo mkononi. Baada ya saa mbili njiani, tandiko limeshapinda, kamba ya tumboni imehamia kwapani na ngozi inachubuka.

Sufuria ziviringishe kwenye kanga au magunia. Zikigongana zinawashtua punda wachanga, na pembe ya sufuria iliyoelekea mbavuni ni kama ngumi inayopiga siku nzima. Kitu kigumu kiangalie nje, kitu laini kiangalie mnyama.

Sasa mgongo. Pitisha kiganja chako chote kuanzia mabegani hadi kiunoni, ukisukuma manyoya nyuma na mbele. Unatafuta tope lililokauka, mwiba, uvimbe, mahali penye joto kuliko pengine. Ukanda wa Naiyobi una majivu ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao mlipuko wake mkubwa wa 2007 na 2008 uliyatawanya mbali, na vumbi lake likiingia chini ya gunia linasugua kama msasa. Kung'uta gunia. Likung'ute tena kila mnapopumzika kwa muda mrefu.

Mzigo usikae juu ya uti wa mgongo. Watu wa pwani walilijua hili zamani, na shogi, ule mfuko mpana wa mkeka wenye mdomo katikati, huning'inia pande mbili za punda. Sisi tunatengeneza mito miwili mirefu ya gunia iliyojazwa nyasi kavu au sponji, mmoja kila upande, katikati tunaacha njia ambayo upepo unaweza kupita. Juu ya mito ndipo mzigo unapokaa. Kamba ni tatu: ya tumboni, ya kifuani inayozuia mzigo usirudi nyuma mnapopanda, na ya nyuma, chini ya mkia, inayouzuia usimwangukie shingoni mnapoteremka. Hiyo ya nyuma wageni huisahau, nayo ndiyo inayookoa safari kwenye ule mteremko. Kamba za nailoni nyembamba zinakata. Mipira ya tairi ni mizuri kwa kufungia magunia yenyewe, lakini isizunguke tumbo, maana inavutika, inasugua na kung'oa manyoya. Mafundo yawe ya kufunguka kwa mvuto mmoja. Punda akianguka hutakuwa na muda wa kutumia meno.

Kupakia ni watu wawili, mmoja kila upande, mnanyanyua pamoja. Ukiwa peke yako, tafuta mti wenye panda, uegemeze mzigo wa upande mmoja juu yake wakati unafunga wa pili. Tembeeni dakika kumi, simameni, kazeni upya. Punda huvuta pumzi na kutanua tumbo wakati wa kufungwa, akianza kutembea kamba inalegea.

Nieleze sasa kosa langu, kwa sababu wengi watalirudia. Siku ya tatu ya safari yangu ya pili nilimfunga jike mmoja wa kijivu nikiwa na haraka. Gunia lilikuwa na kunjo chini, niliiona, nikasema litajinyoosha. Kufikia saa nne alianza kupiga mkia na kulaza masikio. Tulipofika kwenye mteremko akasimama. Nilidhani ni ukaidi, nikamsukuma. Akapiga hatua chache, akasimama tena, akaniangalia tu. Yeyo alirudi kutoka mbele, hakusema neno, akafungua kamba. Chini ya lile kunjo palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja.

Mzigo wake tuligawana, mimi nikabeba kilo 20 hadi chini, naye akateremka mtupu. Kidonda kilichukua wiki kadhaa kupona. Mahali pale sasa pana manyoya meupe, na kila nikimwona nayaona.

Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Tunasema pia punda afe mzigo ufike. Nimekaa nao muda wa kutosha kusema misemo hii inawaonea. Punda akiumia hapigi kelele. Kwa asili yake anaficha maumivu, na akiogopa hakimbii kama farasi, anaganda mahali alipo ili afikiri. Anayemwita mkaidi mara nyingi amekuta mnyama anayeumwa au aliyeona kitu ambacho sisi hatujakiona. Akisimama, nawe simama. Angalia mgongo, kamba, kwato, kisha njia mbele yake.

Mkifika kambini shusheni pande zote mbili kwa pamoja, na mito iacheni mgongoni kidogo hadi jasho lipoe. Kisha mwachie. Punda mwenye raha atatafuta vumbi na kugaragara. Asiyegaragara, mrudie kwa kiganja. Usimtenganishe na mwenzake anayependa kutembea naye, maana hatakula. Usiku wote wawe ndani ya boma la miiba, kwa sababu fisi na simba wako. Mvua ya Empakaai wasilale nayo, manyoya ya punda hayazuii maji.

Wapo wanaoniuliza kuhusu nyumbu. Si huyu wa mbugani, bali mtoto wa punda dume na farasi jike, ambaye pia anaitwa baghala. Kwenye milima ya magharibi mwa Marekani, yeye ndiye mnyama wa kazi hii. Kijiji cha Supai, ndani ya korongo huko Arizona, barua zake zimekuwa zikiteremshwa kwa baghala. Ni mkubwa zaidi, anabeba zaidi. Sijawahi kumfunga, lakini uti wake wa mgongo nao unataka kuachwa huru.

Mwisho ni malipo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Biashara ya ngozi imewapunguza punda wengi Afrika, hadi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wao kwa ajili ya ngozi. Mama anayekukodisha punda wake amekukabidhi maji na kuni za nyumba yake. Patana naye mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya siku ya safari. Na mkifika Engare Sero, wageni wakapanda gari, yeye na punda wake bado wana ukuta ule wa kupanda kurudi nyumbani. Siku hizo za kurudi nazo zilipwe.