Acha Kugonga, Unanivuruga

Nilianza kuchapa kwa vidole viwili, macho yote kwenye kibodi. Sentensi ikinijia nzima, mpaka niione herufi ninayoitafuta, mkia wake umeshanitoka. Na Kiswahili hakimsubiri mtu wa hivyo. Ukitaka kuandika "wangalimwambia", kabla hujagusa kitufe cha kwanza uwe umeshajua ni nani, anamwambia nani, na kwamba jambo lenyewe halikutokea. Nilikuwa nachapa "a", naghairi, nafuta, naweka "wa", halafu sikumbuki wangalimwambia nini.

Vidole kumi nilivipata kwenye kibarua cha steshenari. Nilifunika mikono kwa kitenge, nikawa napapasa vile vinundu vya F na J ili nijue nipo wapi. Kidole kidogo cha kushoto kiliniuma wiki mbili: ndicho chenye "a", na Kiswahili bila "a" utaandika nini? Ukijipima kasi, usihesabu maneno kwa macho. Kwa kawaida "neno" ni mibofyo mitano, nafasi ikiwemo, kwa hiyo "wangalimwambia" peke yake ni karibu matatu.

Nilipofika maneno 50 kwa dakika nikajiona mwandishi. Mchana nilinakili tasnifu za wanafunzi huku napiga soga na wateja. Usiku nikifungua hadithi yangu, vidole vilevile vinakaa tu.

Siku moja akaja mzee kuandikiwa barua ya malalamiko ya kiwanja. Akitamka, namfuata neno kwa neno. Kisha ananyamaza, anaitazama feni. "Ngoja kwanza, mwanangu." Ule ukimya nikautumia kurekebisha nukta na herufi kubwa. Akanigeukia: "Hebu acha kugonga, unanivuruga."

Nikashtuka, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijifanyia mwenyewe kila usiku. Wazo likisimama kidogo kutafuta njia, mimi narudi nyuma kufuta na kupamba sentensi ya kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu: jifunze kuchapa bila kutazama, ufike kama maneno 40, kisha achana na mashindano ya kasi. Kazi ya vidole ni kudaka sentensi iliyokwisha kuja. Kuiita haviwezi hata vikiwa ishirini. Ukikwama, toa mikono kwenye kibodi, iweke mapajani kabisa. Rasimu ya kwanza usiguse kitufe cha kufutia. Mimi hupunguza mwanga wa skrini mpaka nisione makosa. Neno likigoma kuja, weka "xxx" uendelee. Kiswahili hakitumii "x", kwa hiyo baadaye ukiitafuta kwenye faili itakuletea mapengo yako tu.

Barua ya yule mzee ilichukua saa nzima, ikatoka ukurasa mmoja, haina neno la kuondoa. Bei yetu ilikuwa kwa ukurasa. Tajiri alinuna hadi jioni.