Kutoka darasani Tandahimba hadi ikisiri ya IADR: mambo ya kushika unapoanza utafiti wa kinywa

Tabibu wa meno au daktari mgeni aliyepangiwa hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda, kusini mwa Tanzania, akisikia jina la IADR, chama cha kimataifa cha watafiti wa meno na kinywa, kwanza hufikiria tiketi ya ndege na ufadhili. Chama hakikulipi mshahara wa utafiti wala hakikutafutii viza; barua ya mwaliko utapewa, ubalozini unajitetea mwenyewe. Faida yake iko kwingine. Pale ndipo takwimu zako za watoto wa Tandahimba zinapowekwa meza moja na za Brazili au Thailand, na watu wasiokujua wanakuuliza umezipataje. Swali hilo ndilo linalosukuma utafiti mbele, na jibu lake huandaliwa shuleni, miezi mingi kabla ya mkutano.

Kwa ufupi, chama kilianzishwa New York mwaka 1920 na William J. Gies, aliyekuwa ameshaanzisha jarida la Journal of Dental Research mwaka 1919. Siku hizi kina uhusiano rasmi na Shirika la Afya Duniani (WHO), kina mkutano mkuu kila mwaka, makundi ya kisayansi kwa fani, na matawi ya kikanda. Sisi tumo katika tawi la Afrika Mashariki na Kusini. Mgeni aanzie hapo kwenye tawi: maswali ni makali vilevile, nauli ni ndogo, na mashindano ya Hatton kwa watafiti chipukizi huanzia ngazi za chini kabla ya kufika mkutano mkuu. Ada ya uanachama hupangwa kwa kipato cha nchi, kwa hiyo soma vizuri daraja la Tanzania kabla ya kulipa, usije ukalipa ya tajiri.

Sasa kazi yenyewe. Kwa uchunguzi wa jamii, tumia mwongozo wa WHO wa uchunguzi wa afya ya kinywa, toleo la tano la mwaka 2013. Usibuni fomu yako. Umri wa kupimwa humo ni miaka 5, 12, 15, kisha 35 hadi 44, na 65 hadi 74. Ukichukua "darasa la sita wote" utapata watoto wa miaka 11 hadi 14 wamechanganyika, na hakuna mtu duniani utakayelinganishwa naye. Andika tarehe ya kuzaliwa kutoka kwenye rejista ya shule. Mtoto akiulizwa umri hutaja anaoukumbuka.

Ukubwa wa sampuli huwaangusha wengi. Tuseme unakadiria asilimia 25 ya watoto wana jino lililooza, na unataka kosa lisizidi asilimia 5. Hesabu ya kawaida inakupa watoto 289. Ila wewe huchagui mtoto mmoja mmoja mkoa mzima, unachagua shule, na watoto wa shule moja hufanana: maji yale yale, duka lile lile la pipi getini. Zidisha kwa 1.5 upate 434. Ongeza nafasi ya asilimia 10 ya watakaokosekana, unafika 483. Anayekwenda na 289 hujikuta na jibu pana mno lisilosema kitu, na mhakiki analiona kwa dakika moja.

Vibali havina njia ya mkato. Kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwanza, halafu barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, afisa elimu, na mwisho mwalimu mkuu. Ridhaa ya mzazi ni ya maandishi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi na aweke dole gumba. Mtoto naye aulizwe, na akikataa amekataa. Kama una mshirika wa nje anayetaka takwimu, mkataba wa kuhamisha takwimu uwe tayari mapema. Watu hukumbuka hili baada ya kutuma faili kwa barua pepe, na hapo kosa limeshafanyika.

Panga kazi Julai hadi Septemba. Kuanzia Desemba mvua huharibu njia, hasa za kwenda Liwale, na Juni shule zina likizo. Oktoba korosho zinaanza kuanguka na mahudhurio shuleni hayatabiriki. Wanaokosekana hawakosekani kwa bahati tu: ni watoto wa kaya zenye mikorosho na kazi nyingi. Sampuli inapinda bila wewe kujua.

Vyombo: angalau vioo 30 na probu (vijiti vya kupimia) 30 za CPI, zile za kupimia fizi, kwa kila mchunguzi. Probu hiyo ina kitufe cha milimita 0.5 nchani, probu kali yenye ncha kama sindano iache kliniki, inaweza kutoboa enameli (ganda gumu la jino) iliyolegea na kukutengenezea tundu lisilokuwepo. Seti 30 ndizo watoto wako wa asubuhi hiyo. Zikiisha, umemaliza, usizichovye kwenye dawa ukaendelea. Zirudishe kituo cha afya kwenye otoklevu, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Zilizofungwa zikae dakika 30 kwa nyuzi 121, zikihesabiwa baada ya joto kufika. Mkalishe mtoto kivulini akielekea mwanga, au vaa taa ya kichwani. Mkichanganya, shule moja taa na nyingine jua, mtakuwa mmepima mwanga.

Sheria za kuhesabu zishikwe kwa kichwa. Jino ni bovu likiwa na tundu la wazi, enameli iliyochimbika kwa chini, au ukuta au sakafu iliyolainika. Doa jeupe tu halihesabiwi. Mzizi uliobaki unahesabiwa. Kwa aliye chini ya miaka 30, jino lililong'olewa huingia kwenye DMFT (jumla ya meno ya kudumu yaliyooza, yaliyotoka na yaliyozibwa) kama liliondoka kwa kuoza tu. Kuanzia 30, kwa sababu yoyote. Hapa kusini kuna mitego ya nyongeza. Mzee wa Newala aliyechongwa meno ujanani hana kuoza wala ajali, na bibi aliyewahi kuvaa ndonya (pambo la mdomo wa juu) anaweza kuwa na ufizi wa mbele uliorudi nyuma. Andika kwenye nafasi ya maelezo, usimwingize kwenye hesabu ya ugonjwa. (Na mwamkie kwanza. "Shikamoo bibi" kabla ya "fungua mdomo" inakuokolea nusu ya wanaokataa.) Mtoto asiye na chonge za chini, muulize mzazi kama alitolewa "meno ya nailoni" (vichipukizi vya meno vinavyong'olewa kwa imani kuwa vinaleta ugonjwa) akiwa mchanga, kabla ya kuandika kuwa liling'olewa kwa kuoza.

Wachunguzi wasawazishwe kabla ya kwenda, yaani wazoezwe kuhesabu kwa namna moja, na asilimia 5 hadi 10 ya watoto wachunguzwe mara mbili bila mchunguzi kuona fomu ya kwanza. Halafu usiishie kwenye asilimia ya kukubaliana. Mfano: meno 100 yamepimwa mara mbili. Mara zote mbili 8 yamesemwa mabovu, 86 yamesemwa mazima, na 6 yametofautiana, matatu huku na matatu kule. Makubaliano ni asilimia 94, unapiga makofi. Lakini kwa kuwa meno mengi ni mazima, hata wawili wanaobahatisha wangekubaliana kwa asilimia 80 hivi. Ondoa hiyo bahati, kapa, yaani kipimo cha makubaliano yanayozidi bahati, inabaki 0.69. Inapita, ila si ya kujivunia, na ikishuka chini ya 0.60 rudini mezani na picha na meno yaliyong'olewa mfanye mazoezi upya. Ikisiri (muhtasari wa utafiti unaotumwa mkutanoni) isiyotaja kapa huulizwa swali hilo la kwanza.

Ikisiri yenyewe kwa kawaida ni maneno 300, sehemu nne: lengo, mbinu, matokeo, hitimisho, na kichwa kifupi. Fuata kanuni za mwaka husika. Kinachokataliwa haraka ni "matokeo yatajadiliwa". Usitume kabla ya kuwa na namba. Tena wastani peke yake hudanganya: DMFT ya 0.4 yenye mkengeuko sanifu wa 0.9 maana yake wengi wana sifuri na wachache wamebeba mzigo wote. Toa pia asilimia ya wasio na kuoza kabisa. Usiandike "wakazi wa Mtwara" kama ulipima shule nane za wilaya moja. Usiandike "pipi husababisha" kama uliwaona watoto siku moja tu. Uchunguzi wa siku moja unaonyesha vitu vinavyokwenda pamoja, basi. Na kazi uliyokwisha kuichapisha usiitume kama mpya.

Umuhimu wa usahihi huu umeongezeka. WHO ilipitisha azimio la afya ya kinywa mwaka 2021, na mpango kazi wa dunia wa 2023 hadi 2030 una lengo zima la ajenda za utafiti. Takwimu za wilaya zetu zikikosekana, mahitaji yetu yatakadiriwa kwa takwimu za kwingine.

Bango lichapishwe kwenye kitambaa, linakunjika ndani ya begi. La karatasi hufika na makunyanzi. Maneno machache, jedwali moja, mchoro mmoja. Na kabla ya kupanda basi la Dar, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: shule ngapi, watoto wangapi, wangapi wanahitaji kung'olewa au kuzibwa, na majina ya waliopewa rufaa kwenye bahasha iliyofungwa. Nakala ya namba impate mganga mkuu wa wilaya, na bahasha ikae kwa tabibu wa kituo anayeweza kuwafuatilia.